Nkambo na Mtu wa Kuazima

Odilon alipofariki, mjane wake aliniita pembeni kilioni, akanitia kitu mkononi na kunifunga vidole. "Alisema njo yako," akaniambia, yaani ndiyo yangu. Nilifungua nikiwa nimeshafika barabarani. Ilikuwa kete ya pande ishirini, ya plastiki, bluu iliyopauka, pembe zimelika hata ukiitupa inaviringika kama gololi kabla ya kukubali kusimama. Nilicheka peke yangu na watu wakaniangalia vibaya, maana mtu hatoki kilioni akicheka. Halafu nikalia, wakaniacha.

Wenzangu wa rika langu, mliokulia Likasi enzi za kampuni ya migodi, mtakumbuka michezo yetu: magari ya waya, mpira wa matambara, kuruka kamba hadi king'ora cha zamu kilie na mama zetu waanze kutuita. Mchezo ninaotaka kuusema hamkuucheza. Uliingia kambi ya wafanyakazi ya Panda ndani ya sanduku la kadibodi, na aliyelibeba sanduku hilo alikuwa Odilon.

Alikuwa mtoto wa dada yake mama, mkubwa kwangu, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa. Odilon lilikuwa jina la nyumbani. Shuleni aliitwa jina la babu yake, kwa sababu serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu, na sote tulishazoea kuwa na jina la mlangoni na jina la chumbani. Alisoma sekondari ya wavulana, na huko alifundishwa hesabu na kijana mmoja Mbelgiji mwenye ndevu chache na upweke mwingi, ambaye Jumamosi mchana aliwakusanya wanafunzi wawili watatu nyumbani kwake wacheze naye. Mkataba ulipokwisha alirudi kwao, na sanduku akamwachia Odilon: kete za maumbo ambayo hatujawahi kuyaona, pamoja na kitabu cha sheria za mchezo kwa Kifaransa ambacho mchwa walikuwa wameshaanza kukisoma kutoka nyuma.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Kila mchezaji anajenga mtu. Anarusha kete apate kiasi chake cha nguvu, cha akili, cha wepesi na cha bahati, kisha anampa jina, kazi, kwao na tabia. Baada ya hapo wewe ndiye yeye. Odilon alikuwa msimulizi: mko mlangoni mwa pango, ndani kunanuka nyama iliyooza, mnafanya nini? Unasema mtu wako anachofanya, na kete inasema kama kimewezekana. Kitabu kilieleza habari za majumba ya mawe na misitu yenye theluji. Odilon aliyasoma hayo akayaweka kando, akatupeleka kwenye mashimo ya Kambove, na joka akalilaza kwenye maji ya Koni chini ya mitambo, ndiyo maana umeme ulikuwa ukikatika. Shinkolobwe, mgodi wa urani uliofungwa, aliitunza kwa siku kubwa. Wazazi walikuwa wametukataza hata kuitaja, kwa hiyo alipoitaja yeye tulikunja miguu.

Tulicheza mimi na Saidi, na mara nyingine yeyote aliyepita. Saidi alikuwa jirani yetu, mtoto wa dereva wa lori, familia ya Waislamu waliotoka upande wa Maniema. Yeye kila mara alijenga mfanyabiashara. Tukiwa tumebanwa ukutani na zimwi, mimi nimeshavuta upinde, Saidi analiuliza zimwi kama halihitaji chumvi. Mtu wangu alikuwa mwindaji wa kike, mrefu, mwenye shabaha, ambaye hakuna aliyewahi kumwita aje kuosha sahani.

Watu hao tuliwaandika kwa chaki kwenye vibao vyetu vya shule, na Jumatatu vibao vilifutwa. Ilibidi umbebe mtu wako kichwani hadi Jumamosi nyingine, baada ya salongo, tukishamaliza kufagia mitaro ya kambi kama ilivyoamriwa. Ukimsahau, amekufa. Odilon alikuwa mpole kwa mengi lakini kwa jambo moja alikuwa mkali. Ukisita, alikuinamia na kukuuliza: "Usiniambie weye unataka nini. Yeye, anataka nini?" Alituuliza hivyo mpaka nikaanza kuota ananiuliza.

Ndipo alipokuja Nkambo. Kwetu nkambo ni bibi au babu, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba. Alikuja kwa treni kutoka upande wa Bukama akiwa na samaki wa kukaushwa, kuku mmoja aliyekasirika, na macho yasiyoona. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mboni zilikuwa zimefanya weupe kama maji yaliyolowekwa muhogo. Baba alikuwa ameondoka kijijini kijana kabisa kuja kuandikwa kazi na kampuni, na wakati alipopata likizo ya kurudi kumwona, macho ya mama yake yalikuwa yameshafunga; uso wake wa utu uzima hakuwa ameuona kamwe. Pale kituoni Nkambo alimshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa pua, masikio na kidevu bila haraka, abiria wakitupita. "Umekonda," akasema. Baba alikuwa na kitambi ambacho wenzake kazini walikitania.

Nkambo hakuweza kukaa peke yake ndani. Jumamosi alituletea kigoda chake barazani, akasikiliza mchezo mzima ametulia, na mwishowe akaomba na yeye wa kwake, "Na minye munipatie muntu."

"Nkambo, utaona kete je?" Odilon akamwuliza.

"Bidole yangu iko inaona."

Kweli, namba zilikuwa zimechimbwa, na yeye alizisoma kwa ncha ya kidole gumba huku midomo ikicheza. Alipata nguvu nyingi kuliko sisi wote. Odilon akamjengea kijana mwindaji aitwaye Kalala, mwenye mkuki na ndugu aliyeuawa wa kulipiziwa kisasi. Nkambo aliridhika sana. Kisha tukaingia porini, Odilon akasema wingu limetanda, nyayo za mnyama zinaelekea mlimani, Kalala anafanya nini?

"Anarudia ku nyumba. Mvula inakuja."

"Nkambo, Kalala eko na miaka makumi mbili. Ni muwindaji. Hana woga ya mvula."

"Bale ba makumi mbili njo banakufaka na mvula," Nkambo akasema, na hakuna aliyemtoa hapo. Zimwi lilipokuja, alilisalimia, akaliomba lipite tu, kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua tangu asubuhi. Odilon alimwuliza ni goti la nani. Nkambo akajibu kwa mshangao, "Ya minye!" Saidi alianguka chali kwa kucheka. Tulimpenda mno, lakini katika mchezo huo hakuwa na lolote. Hakuweza kuwa mtu mwingine hata kwa muda wa kumeza mate.

Sasa niseme habari ya kadi. Daktari wa macho alikuwa akija kwa msimu kutoka Lubumbashi na kupasua watu katika hospitali ya kampuni, na hospitali hiyo ilitibu tu walioandikwa kwenye kadi ya mfanyakazi. Kwenye kadi ya baba alikuwapo mama, tulikuwapo sisi watoto, na mzee mmoja tu, kama kadi ilivyoruhusu. Mzee huyo hakuwa mama yake. Alikuwa mama wa mama, Mama Kapema wa Kambove, aliyeandikwa zamani alipokaa kwetu, na ambaye hakuwahi kuumwa hata jino. Baba alikwenda kuomba jina libadilishwe. Wakamwambia angoje. Alingoja, daktari akaja akaondoka, na tukasikia yuko njiani tena. Ukingoja mno jicho la namna ile, mama alituambia, linakauka na hakuna kisu kitakacholifungua.

Mama Kapema ndiye aliyekata shauri. Alituma mtu kutoka Kambove na maneno yake: "Achukue jina yangu, minye sina nayo kazi. Paka asikufe nayo." Yaani, asife tu akiwa nalo.

Kwa watu wazima hii ilikuwa hatari, baba angeweza kufukuzwa kazi na nyumba tukaihama. Kwangu mimi ilikuwa habari njema isiyo na kifani. Watu wazima walikuwa wanajenga mtu! Walikuwa na jina, walikuwa na kwao, walikuwa na umri. Nilikwenda kumwambia Saidi kwamba baba na mama wameanza kucheza.

Lakini mtu huyo alikuja na mzigo wake. Lazima niwaeleze jinsi nilivyokuwa nikielewa mambo. Baba hakuwa anamsogelea Mama Kapema. Akimwona anakuja barabarani alivuka upande wa pili, hata kama huko kuna tope. Hakula naye, hakumpa mkono, hakumtazama usoni. Akitaka kumwambia neno alimwambia mama, naye mama akamwambia mama yake, aliyekuwa ameketi palepale na kusikia yote. Mimi niliamini kwamba waligombana zamani na hawajapatana. Hakuna aliyeketi kunieleza kwamba ile ndiyo heshima ya mkwe, na kwamba kadiri alivyomkwepa ndivyo alivyomtukuza. Siku moja walikutana ghafla kwenye mlango wa uani, bega likagusa bega, na baba akalipa kuku. Mama Kapema alimpokea kuku yule kwa furaha ambayo hakuionyesha hata siku ya ubatizo wangu.

Kwa hiyo ili Nkambo awe Mama Kapema, ilimbidi baba awe mkwe wa mama yake mzazi. Walianza mazoezi sebuleni.

"Mama, kama banakuuliza jina?" mama akaanza.

"Numbi," Nkambo akataja jina lake.

"Hapana. Kapema."

"Kapema njo nani?"

"Njo weye. Na mutoto yako ni nani?"

Nkambo akageukia upande alikosikia baba akikohoa. "Njo ule."

"Hapana, mama. Mutoto yako njo minye."

"Minye nilizala weye?" Nkambo akashangaa. "Siku gani?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliona mama yake amekauka koo, akamletea maji, akamshikisha kikombe mkononi kama alivyofanya kila siku, na mama akaacha kucheka mara moja: "Weka chini! Weka chini, uende! Huyu ni mama-mukwe yako!" Baba akaweka kikombe sakafuni, akarudi nyuma hadi mlangoni, akasimama hajui mikono aiweke wapi. Nkambo akabaki anapapasa hewa kumtafuta. Nilimwonea huruma baba siku ile kuliko Nkambo, na sikujua kwa nini.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Jina alilishika asubuhi, mchana limetoka. Nikamwita Odilon, kwa maana kwangu hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa: mchezo umekwama, mwite msimulizi. Mama hakufurahi mtoto wa shule kuingizwa katika siri ile, lakini alikuwa amechoka. Odilon alisikiliza, akavua miwani yake akaifuta kwa shati.

"Mama mudogo, muache mambo ya jina," akamwambia mama. "Jina ataisahau tu. Mama Kapema anataka nini?"

Wakubwa wakatazamana. Mimi nikasema, "Anataka kuku," nikasimulia ile ya bega mlangoni.

Walicheka wote isipokuwa Odilon. "Mado anasema kweli. Anataka bamuheshimu. Na kama habamuheshimu, anataka bamulipe. Njo ule muntu, Nkambo. Bingine haina kazi."

Vidole vya Nkambo vilikuwa vinatembea juu ya goti kama anasoma namba. "Ule muntu namuyua," akasema mwishowe. "Mama ya mume yangu alikuwa vile vile." Akaomba apelekwe kulala.

Asubuhi ya hospitali nilijificha nyuma ya jiko na kete ya pande ishirini, nikaitupa kwa ajili yake. Ilikuja tatu. Katika mchezo wetu, ukipata tatu hata mlango uliokwisha funguliwa unakushinda. Sikumwambia mtu. Nilibeba kikapu cha chakula nikawafuata.

Hospitalini foleni ilikuwa imeshapanda hadi barazani, wengi wanawake, na juu ya mlango picha ya Rais ikitutazama kama ilivyotutazama kila mahali. Mama alimkalisha Nkambo kwenye benchi, akaketi naye kama binti na mama yake. Baba alisimama mbali, karibu na uzio, kofia mkononi, mgongo nusu umegeuka, kama inavyompasa mkwe. Alifanya vizuri sana. Muuguzi aliyeshika kadi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto, na alipoanza kuita majina tulisikia kwenye ulimi wake kwamba ni wa Kambove. Mtu wa Kambove angeweza kumjua Mama Kapema kwa sura.

"Kapema! Mama Kapema eko wapi?"

Nkambo hakutikisika. Alikuwa anangoja huyo Kapema aitike kama sisi sote.

"Mama Kapema!"

Mama akambana ubavuni. Nkambo akashtuka, akainuka kwa haraka, na kabla mama hajamshika mkono alikwishachukua hatua upande usio wake, mahali palipokuwa na ngazi za saruji zinazoshuka uani. Mguu ulikanyaga hewa. Nilisikia mama anavuta pumzi. Halafu nikaona kofia ya baba chini, karibu na uzio, na baba mwenyewe yuko chini ya ngazi, na Nkambo yuko mikononi mwake, amebebwa mzima kama mtoto anayetolewa kitandani. Sijui alikimbiaje. Mikono ya Nkambo, kwa hofu ile, ilikwenda moja kwa moja kwenye uso wa baba na kumpapasa pua, masikio, kidevu.

Wanawake walijifunika midomo. "Yesu wangu," mmoja akasema, "mukwe anabeba bukwe yake!"

Ninawaomba wasomaji wangu wa miji mingine mnielewe. Kama baba angemvua nguo muuguzi, pengine wangeshangaa zaidi ya hapo kidogo tu. Nilikumbuka ile tatu na nikajua tumekwisha: kazi imekwenda, nyumba imekwenda, macho ya Nkambo yamekwenda. Muuguzi alishuka ngazi moja moja, kadi mkononi.

"Papa," akasema, "weye ni nani wa huyu mama?"

Katika Panda nzima hakuna aliyeshindwa kudanganya kama baba. Alifungua mdomo, na nikaona kabisa kwamba ukweli ndio unaokuja.

"Nishushe!"

Ilikuwa sauti ya Nkambo, na haikuwa sauti yake. Ilikuwa nyembamba, ya puani, ya mtu aliyezoea kuogopwa. "Nishushe, muntu asiye na haya! Bantu bote banaona! Mutoto yangu alikuwa anaolewa na nani, na nyani? Utalipa!"

"Alipe kuku!" mwanamke mmoja wa kwenye foleni akaitikia, maana jambo la namna hiyo haliachwi litegemee hewani.

"Kuku?" Nkambo akageuza uso usioona kuelekea sauti ile. "Kuku ilikuwa ya kunigusa ku bega. Leo ananibeba sawa bibi-arusi! Atatoa mbuzi!"

Foleni ikalipuka. Wengine walipiga makofi, wengine wakasema mbuzi haitoshi, mzee mmoja mwenye bandeji kichwani akamtetea baba kwamba mama angevunjika kiuno, akanyamazishwa. Muuguzi peke yake hakucheka. Alimtazama Nkambo, akamtazama baba.

"Mbuzi dume ao jike?" akauliza.

"Jike," Nkambo akajibu bila kusita. "Na iwe na mimba."

Muuguzi akaandika kwenye kadi. "Huyu mama ni wa Kambove kabisa," akasema, na akamshika mkono kumpandisha ngazi. Baba alibaki uani ameinamisha kichwa. Watu walidhani anaona haya kwa sababu amemgusa mkwe wake. Mimi nilisimama karibu, niliona amesahau hata kuiokota kofia yake, na nilijivunia sana jinsi anavyocheza.

Mbuzi nitamsema hapahapa nisije nikamsahau. Habari zilifika Kambove kabla sisi hatujapeleka neno, kwamba Mama Kapema amebebwa na mkwe wake mbele ya watu wa Likasi. Mama Kapema alikuwa shambani siku hiyo anapalilia karanga. Akatuma ujumbe kwamba kama jambo limetendeka katika jina lake, basi na mbuzi ni wake. Baba hakubisha. Alimtafuta jike, mwenye mimba, akampakia kwenye lori la baba yake Saidi, na heshima kati yao ikarudi mahali pake.

Nkambo alipasuliwa jicho moja. Akalazwa, kichwa hakiruhusiwi kugeuka, na kwa siku zote hizo mama ndiye aliyelala chini karibu na kitanda chake na kumlisha kwa kijiko. Baba alikuja kila alipotoka kazini, bado ananuka asidi ya kiwandani, akasimama dirishani mwisho wa wodi na kuwapa mgongo. Muuguzi yule alikuwa akiingia na kutoka. Hakukuwa na namna nyingine.

Siku ya kufungua bandeji tulikuwa sote. Daktari alikata, akasafisha, akamvisha Nkambo miwani minene kama kitako cha chupa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nkambo alipepesa. Alitazama shuka kwanza, akasifu weupe wake. Akamtazama mama, akamwambia, "Aksanti, mutoto yangu," na sikujua kama alikuwa anasema kama Kapema au kama Numbi. Kisha mimi. "Kumbe weye njo Mado. Nilizania uko munene." Tukacheka.

Halafu akatazama dirishani. Baba alikuwa amesimama palepale, ametupa mgongo, kofia imeshikwa nyuma kwa mikono miwili. Mwanga ulimpiga kisogoni.

"Na ule," Nkambo akauliza polepole, "ule njo mukwe yangu?"

"Njo yeye, mama," mama akajibu.

"Kichwa yote ni mvi."

Baba hakugeuka. Muuguzi alikuwa kitanda cha pili anakunja blanketi, na alikuwa analikunja kwa muda mrefu mno.

"Mumuambie," Nkambo akasema kwa ile sauti ya puani, "mumuambie mukwe yangu atoke inje. Atembee pale, ku jua. Apite mbele ya dirisha. Haifai mukwe kusimama mu chumba ya mama-mukwe."

Mama akamfikishia baba maneno ambayo alikuwa ameyasikia yote. Baba akatoka. Mimi nilidhani amefukuzwa. Nilidhani Nkambo bado anacheza, na kwamba sasa, baada ya kushindwa na yule Kalala wake, amekuwa fundi kutushinda sote. Nikapanga kumsimulia Odilon. Nilikuja kuelewa nilipozaa wanangu, mmoja akaenda kuishi mbali, na hata hapo sikuelewa yote siku moja.

Muuguzi aliacha blanketi. Alikwenda dirishani, akavuta pazia likafunguka lote, akarudi kwenye kile kitanda cha pili.

Baba alitokea nje kwenye jua, kofia mkononi, uso mtupu, akitazama mbele kama askari. Alipita mbele ya dirisha kwa hatua za taratibu hadi mwisho wa ukuta, akageuka, akapita tena upande mwingine. Nkambo alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili imeishika ile miwani isianguke. Baba akageuka, akapita tena. Wagonjwa wengine walianza kutazama nao. Mama akainama akamwuliza Nkambo sikioni kama inatosha, amwambie arudi.

"Bado," Nkambo akasema.